Lebo za Bluu

Tangu alfajiri, mpakiaji wa kiwanda cha maji alikuwa amepiga magoti ufukweni, akibandua lebo za bluu kwenye chupa tupu zilizotapikwa na mawimbi. Meneja alitaka waandishi wakifika waikute kampuni inasafisha bahari, wasijue ni nani aliyeichafua.

"Chapuchapu, mama! Ikionekana hata lebo moja, kesho usije."

Asipokuja kesho, watoto wanne watakula nini, na baba yao yuko kitandani mwaka wa pili? Alibandua mpaka kucha zikavuja damu. Bahari nayo haikuwa na huruma. Kila akimaliza, inaleta chupa nyingine.

Gari la waandishi likasimama. Meneja akavaa glavu mpya, akakenua. Mama akakunja ngumi upesi, maana lebo ya mwisho ilimng'ang'ania kiganjani kwa gundi, haitoki.

Mpiga picha akazitazama zile chupa zilizo uchi. "Shikamoo, mama. Hizi ni za nani?"

"Za walimwengu, bwana!" meneja akadakia, akicheka. "Nani anajua?"

Mama aliibana ngumi kana kwamba imewashikilia watoto wote wanne.

Akaikunjua.