Shikamoo ya Anwar

Mvumilivu hula vumbi. Kaka yangu Anwar alikuwa nalo mdomoni, katikati ya uwanja wa Njoro, baada ya kugongana vichwa na beki wa timu ya Himo.

Nilipokimbia kutoka jukwaani na kumketisha, alinitazama kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

Mimi ni mdogo wake. Tangu nizaliwe, shikamoo huwa naitoa mimi.

Kocha aliangua kicheko, akammiminia kidumu kizima cha maji kichwani. "Anakutania huyo! Dume hilo, linarudi kazini. Fainali hii, dada."

"Hanitambui, kocha. Tumpeleke hospitali."

"Umekuwa daktari lini? Toka uwanjani."

Anwar alisimama, akayumba, kisha akakimbia kuelekea goli letu wenyewe. Jukwaa zima likashangilia.

Niliuokota mpira, nikaukumbatia, nikakaa nao chini. Refa akapuliza filimbi mpaka mishipa ikamtoka shingoni.

"Umetuaibisha!" Kocha alinijia mbio, akimburuta Anwar kwa mkono. "Waombe radhi mashabiki, sasa hivi!"

Anwar akainama, akatapika juu ya viatu vya kocha.

"Siombi," nikasema.