Sauti ya Chumba cha Mwisho

Panya walihamia kichuguu kikuukuu chenye vyumba ndani ya vyumba. Mkuu wao Buku, asiyejua kusubiri, alitaka kikaguliwe chote mara moja.

"Aingie mmoja," mkewe Nyamizi alishauri. "Akimaliza chumba aweke alama, ndipo aende kingine."

"Tutakesha! Kwenye kila mlango asimame mmoja, amtume mwenzake ndani, amngoje arudi," Buku akaamuru.

Basi ukoo mzima ukaishia gizani, kila mmoja akimngoja wa mbele yake, na hewa ikawa nzito. Kutoka chini kabisa sauti ikaita, "Leta mwingine."

Nje walibaki wawili tu. Buku akainama aingie mwenyewe. Nyamizi akamshika mkia.

"Mume wangu, wa mwisho kuingia, aliye chini kabisa, ni nani?"

"Chane."

"Chane ni bubu tangu azaliwe."

Sauti ikaita tena, karibu zaidi.