Ruhusa ya Mama Rukia

Siku hizi kamera haifyatuki mpaka anayepigwa picha aseme, "Nakubali." Mimi niliyepata jina kwa kuegemea meza ya muuza miwa, kamera tumboni, nikingoja watu wanisahau, sasa napiga watu waliobana matumbo!

Nikamwomba mke wangu anikubalie mara moja kwa siku zote, angalau nikinase kile kicheko chake cha jikoni kinachoonyesha pengo.

"Baba Rukia, yaani utanipiga muda wowote?"

"Wowote, bila taarifa."

"Haya bwana, nakubali."

Tangu hapo anakaanga maandazi kidevu juu, kanga imepigwa pasi. Hacheki. Jana mchana alipitiwa na usingizi mkekani, nikamnyatia na kamera. Anakoroma, lakini anatabasamu, pengo kalifunika kwa mdomo.