Dakika Arobaini za Jumanne

Nimeuza programu miaka kumi na moja, na siri yangu ni moja tu: usimwonyeshe mteja mfano wa kubuni. Mwonyeshe mali yake mwenyewe, atanunua.

Ndiyo maana nilipofika kwenye ghala la maparachichi la Uruapan, Mexico, programu yangu ilikuwa imeshayafuatilia malori yake wiki mbili kwa majaribio, madereva bila kujua. Tajiri mwenye ghala alikuwa anakula. Hakuinua hata macho.

"Haya, injinia, hicho kidude chako kinajua nini nisichokijua mimi?"

Nikamchagua Eleuterio, dereva aliyenipokea stendi asubuhi ile, akanigawia mapera yake njiani. Nilitaka asifiwe.

"Mwone huyu," nikasema, nikikifuata kwa kidole kitone cha kijani kwenye skrini. "Jumanne alishusha mzigo mjini Morelia mapema kabisa. Halafu akasimama hapa, dakika arobaini."

Nikabonyeza. Jina la mahali likajitokeza: ofisi ya mwendesha mashtaka.

Tajiri akaacha kutafuna. Akaiweka chini chapati yake ya tortilla, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Nimeipenda," akasema. "Malori yote. Leta nisaini."

Akasaini bila kuuliza bei. Kisha akafungua dirisha. Uani, Eleuterio alikuwa anafuta vioo vya gari la kunirudisha.

"Eleuterio! Acha hilo gari, mwanangu. Injinia ataondoka na teksi. Wewe njoo."

Akaja mbio, akitabasamu, mkononi ana mfuko wa mapera aliyonifungia niende nayo nyumbani.