Kurumbiza wa Mashavu

Mashavu alipopofuka, mdogo wake Shekue alikuja kwenye shamba lake, pembezoni mwa mji, kumchukua akaishi kwake.

"Tumbili watakumalizia mahindi, dada. Wanakuja kimya."

"Kurumbiza hajui kukaa kimya," alijibu, akitia jiwe kwenye kombeo. "Tumbili ana mikono, huyu ana sauti tu. Sauti hiyo ikikatika, najua mwenye mikono kaingia. Mimi siondoki."

Juu ya mti wa mpakani ndege alikuwa akiimba. Mara akanyamaza.

Mashavu aligeuza uso kuelekea mtini, akazungusha kombeo, akaachia. Mahindi yakatikisika, tumbili wakatimka wakipiga kelele.

Shekue aliweka chini furushi la nguo za dada yake, akaketi kando yake, akafumba macho akingoja wimbo urudi.