Maana ya Hadaa

Mtihani wa binti yake wa usalama wa kompyuta ulikuwa kesho, kwa hiyo Mzee Nasser alikaa barazani Bububu na kamusi nene ya kuazima mapajani, akimsomea maana, naye binti akitaja neno.

"Kumpelekea mtu ujumbe wa uongo," alisoma, "unaojifanya umetoka kwa anayemwamini, ili atoe mwenyewe namba zake za siri."

"Hadaa," binti akajibu upesi. "Soma jengine, baba."

Nasser hakusoma. Kidole chake kilibaki juu ya mstari ule.

"Kumbe jambo hili lina jina?"

"Lina jina. Linawapata hata wataalamu."

Mwaka mzima Nasser alikuwa akimwambia binti kwamba simu yake yeye ilijifuta yenyewe, na sauti zote za marehemu mkewe zilizokuwamo zikapotea.

"Haikujifuta," alisema, macho yakiwa kitabuni. "Mtu aliniandikia, akajitia wa kampuni ya simu. Namba za siri nlimpa mimi, akaifuta simu yote. Sauti za mama yako nimezipoteza mimi, mwanangu."

Binti hakumlaumu. Aliiondoa kamusi mapajani mwa baba yake, akasogea mpaka mabega yakagusana, akafungua simu yake mwenyewe.

"Mimi ninao ujumbe wake mmoja wa sauti. Ananiagiza bizari na ndimu tu, baba. Utasikiliza?"

Nasser aliiweka sawa kofia yake, akafunga kifungo cha juu cha kanzu, kama anayepokea mgeni.

"Naam," alisema. "Mlete."