Sanduku Lililoitikia Kila Salamu

Sanduku la mtandao la ghorofa yetu lilizimika saa nne asubuhi, na mashine ya oksijeni ya mke wangu Sikudhani ikabaki na betri ya nusu saa. Siku hizi chombo hakipewi umeme mpaka kijitambulishe kwa sanduku la ngazini, tena kila dakika. Letu lilimwitikia yeyote na kumwandika jina. Asubuhi hiyo mtu tusiyemjua alilimiminia salamu za majina ya uongo, maelfu kwa maelfu, likajaa, likazimika.

Fundi Machano aliliwasha. Likajaa tena.

"Mzee Kibwana, liwaitikie wenye namba ya siri tu. Si niliwaambia kikaoni?"

Alituambia, tukamcheka. "Mgeni aulizwe namba kabla ya kuitikiwa? Hapa kituo cha polisi?" Maneno hayo niliyasema mimi, na wote wakanyoosha mikono kuniunga mkono.

"Basi libadilishe sasa hivi!"

"Litanikataa. Mliweka kanuni kwamba lisibadilishwe bila sahihi za nyumba zote ishirini na nne."

Nikatoka kwetu, namba kumi na nne, nikapanda ngazi nikigonga milango. Wengi walikuwa kazini. Wengine walinijibu kwa ndani kwamba milango yao ya umeme haifunguki. Nilirudi na sahihi tisa, betri imeshakwisha. Binti yangu alikuwa bado anampepea mama yake kwa kanga.

Kamati ya wakazi imebandika hasara ukutani: majokofu kumi na moja yaliyoharibikiwa chakula, lifti moja, mkazi mmoja, nyumba namba kumi na nne.